Gego la Mzee: Ling'olewe au Liachwe?

Juma lililopita tulizungumza habari za kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Leo nataka tuzungumze habari za kinu kinachoyasaga mahindi hayo, nacho ni kinywa. Wasomaji wetu walio vijana wasigeuze ukurasa upesi, kwa maana kila kijana ana baba au mama ambaye huenda usiku hulala ameshika shavu, na kukipambazuka humwuliza mwanawe: Je, niling'oe au niliache?

Yafaa kwanza tujue tunachokisema. Mtu mzima aliyekamilika huwa na meno 32, na katika hayo 12 ni magego, matatu kila upande, juu na chini. Gego la kwanza huota mtoto anapokuwa na umri wa miaka 6 hivi, la pili karibu na miaka 12, na la tatu, lililo mwisho kabisa, huota kati ya miaka 17 na 25. Hilo la mwisho mara nyingi hukuta nafasi imekwisha. Huota limelala upande, au hutokeza nusu tu, au hubaki limefunikwa na mfupa maisha yote.

Magego ndiyo mawe ya kusagia. Wazee wa Kijaluo wa zamani waling'olewa meno sita ya mbele ya chini kwa desturi yao, na bado walikula vyakula vyao vyote, maana kazi ya kusaga haikuwa ya meno yale. Lakini kinu hakisagi kwa jiwe moja. Gego la chini lisilo na mwenzake wa juu halina kazi kubwa, hata likiwa zima kama jiwe la mtoni. Neno hili tulishike, kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Sasa nitasimulia yaliyonipata mwenyewe. Mimi nina miaka 63. Nilikuwa karani, na tangu nilipostaafu nalima mahindi na viazi karibu na Njoro. Nilipokuwa kijana niling'olewa magego mawili ya upande wa kushoto, kila moja kwa sababu ya maumivu ya usiku mmoja, na mtu wa sokoni mwenye koleo. Sikuuliza neno, naye hakuniuliza. Tangu siku hizo natafuna kwa upande wa kulia tu.

Basi kwa muda wa miaka miwili gego la nyuma, upande huo huo wa kulia, chini, likawa linanisumbua. Huuma siku nne, hunyamaza mwezi mzima, kisha huuma tena. Niliweka karafuu, nikapata nafuu ya saa chache. Lilipokuwa linanyamaza nilifikiri limepona. Baadaye nimefundishwa ya kuwa jino bovu likinyamaza ghafula, huenda kiini chake kimekufa, na ugonjwa unaendelea chini kimya kimya, kama mchwa katika nguzo ya nyumba.

Usiku mmoja wakati wa mavuno sikulala hata kidogo. Asubuhi nikavaa koti niende sokoni. Mke wangu akasimama mlangoni akasema, "Baba Njeri, ulikwenda kwa mtu wa koleo mara mbili, na mara mbili ulirudi na pengo. Mara hii nenda mahali utakapoulizwa swali." Ndugu yangu naye alikuwa amekwisha nionya ya kuwa mtu wa umri wetu hang'oi jino, kwa kuwa damu haitakoma na macho yataharibika. Basi nilikuwa na mashauri matatu: maumivu yalisema ling'olewe leo, ndugu yangu alisema lisiguswe kamwe, na mke wangu alisema nikaulize. Nikamsikiliza mke wangu.

Hospitalini nilipokewa na daktari wa meno, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniambia, "Baba, unataka tung'oe jino lipi?" Nikajibu kwa ukali kidogo, "Lile linaloniuma." Akauliza kwa upole, "Na unajua ni lipi?" Nikamwonyesha kwa kidole gego la pili, kwa maana huko ndiko nilikosikia maumivu.

Akaligonga polepole kwa mpini wa chombo chake, akalijaribu kwa kitu cha baridi, akatazama ufizi, kisha akapiga picha ya eksirei. Picha ile ilinishangaza. Gego la mwisho kabisa, ambalo nilikuwa nimelisahau tangu ujana wangu, lilikuwa limelala na kumwegemea jirani yake kama nguzo iliyoangukia ua wa mtu mwingine. Nusu ilikuwa nje ya ufizi, nusu ndani. Katika pengo lililo kati yao chakula kiliingia kila siku wala mswaki haukufika, na gego la pili lilikuwa limeanza kuoza upande wa nyuma. Kama ningalikwenda sokoni, ningaling'olewa gego lenye kazi, na mkosaji angalibaki kinywani.

Msidhani ya kuwa daktari alichukua koleo papo hapo. Alinieleza kwanza hatari. Mfupa wa mzee ni mgumu kuliko wa kijana, haukubali kulegea upesi, na kidonda chake hukawia kupona. Tena chini ya magego ya mwisho ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu uletao hisia katika mdomo wa chini na kidevu. Ukiguswa, mdomo waweza kufa ganzi kwa siku au miezi, na kwa watu wachache ganzi hiyo haiondoki. Kisha akasema, "Uamuzi ni wako, baba. Nitakupa dawa ya kutuliza maumivu. Nenda ufikiri siku tatu, ukizitafakari hatari hizi na hatari za kuliacha."

Katika siku tatu hizo nilijiuliza maswali manne, nami nawapa wasomaji kama nilivyoyatumia.

Swali la kwanza: Jino hili lina kazi gani? Gego langu la mwisho halikuwa na mwenzake wa juu, wala halikusaga kitu. Lakini gego la pili lilikuwa na mwenzake, nalo ni moja katika mawe machache niliyobakiwa nayo.

Swali la pili: Je, laweza kuponywa? Tundu dogo huzibwa kwa siku moja. Ubovu ukifika katika kiini, mizizi yaweza kusafishwa ndani na kuzibwa, na jino likadumu miaka mingi. Kazi hiyo hugharimu zaidi ya kung'oa, na huenda ikataka kurudi hospitalini mara kadhaa. Lakini mwenye kuhesabu gharama na ahesabu pia gharama ya pengo. Jino likitoka, majirani yake huweza kuinama, na lile la upande wa pili hushuka au kupanda kwa kukosa cha kukutana nacho. Meno ya bandia husaidia, nami siyadharau, walakini wahenga wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa upande mwingine, jino linalotikisika kwa kuwa mfupa umekwisha kuliwa, au lililopasuka mpaka mzizini, kwa kawaida haliokoleki, na kuling'ang'ania ni kujitesa bure.

Swali la tatu: Likiachwa, litafanya nini? Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Mzee mwenzangu, jirani ya shamba langu, alipigwa picha ikaonekana ana gego la mwisho lililozikwa lote ndani ya mfupa. Haliumi, halina uvimbe, wala halimdhuru jirani yake. Daktari yule yule alimshauri aliache na kulitazama mara kwa mara. Shauri hilo si geni: mwaka 2000 huko Uingereza lilitolewa agizo kwa waganga wa serikali kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe. Lakini gego langu halikuwa limelala usingizi. Lilikuwa linaharibu mali ya jirani kila siku.

Swali la nne: Je, mwili wangu waweza kustahimili? Umri peke yake si kizuizi. Kinachotazamwa ni afya. Mwenye kisukari sharti sukari yake iwe imetulizwa, kwa kuwa isipotulizwa kidonda hukawia kupona na huoza kwa urahisi. Mwenye kunywa dawa za kuzuia damu isigande na amwambie daktari, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe, maana kuziacha kwaweza kumletea hatari kubwa kuliko ile ya jino. Mwenye kutumia dawa za kuimarisha mifupa naye aseme, kwa sababu baadhi yake huweza kuzuia mfupa wa taya usipone baada ya jino kutolewa. Mimi nina shinikizo la damu kidogo tu. Lilipimwa likaonekana limetulia.

Baada ya kuyapima yote niliamua gego la mwisho ling'olewe na la pili lizibwe. Niliona ya kuwa hatari ya kung'oa haitapungua kwa kungoja. Nikingoja miaka mitano nitakuwa na mfupa mgumu zaidi, labda na maradhi mengine, na gego la pili litakuwa limekwisha oza. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu hofu ya uchungu, na tushukuru tumezaliwa wakati huu. Mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alivuta hewa ya kulewesha na kuwaambia wenzake wamng'oe gego lake yeye mwenyewe, apate kujua kama inawezekana kung'olewa bila maumivu. Dawa ya ganzi ya lignokeni, itumikayo sana leo, ilitengenezwa mara ya kwanza Uswidi mwaka 1943. Mimi nilisikia sindano na kusukumwa kwa nguvu, lakini uchungu sikuusikia. Kazi ilichukua muda wa saa moja kasoro, kwa kuwa daktari alilikata gego vipande viwili ili asiusumbue mshipa ule.

Niliuma kitambaa safi kwa nusu saa, na damu ikakoma, kinyume cha unabii wa ndugu yangu. Macho yangu nayo ni yale yale, nami ndiye niandikaye haya. Siku ile sikusukutua kinywa, wala sikuvuta sigara, kwa maana bonge la damu lililoganda ndani ya shimo ndiyo dawa ya kwanza ya kidonda. Likitoka, mfupa hubaki wazi, na maumivu makali huanza siku chache baadaye. Kesho yake nilianza kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nilikula uji na viazi vya kupondwa. Shavu lilivimba siku tatu, kisha likashuka. Mdomo wangu una hisia zake zote. Baada ya majuma matatu nilikula tena mahindi na maharagwe, kwa gego la pili lililozibwa.

Kabla ya kumaliza nina maonyo mawili. La kwanza, uvimbe ukiteremka chini ya taya au shingoni, au mtu akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vema, au akishikwa na homa, hilo si jambo la kufikiri siku tatu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. La pili, msiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwa kuwa huunguza nyama. Na wenzetu wa Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi, wasidhani kila jino lenye rangi ya kahawia limeoza. Rangi peke yake si sababu ya kung'oa.

Huko Japani, tangu mwaka 1989, watu hushauriwa wafikishe umri wa miaka 80 wakiwa na meno yao 20. Hawakuambiwa 32. Maana yake ni kwamba mzee aweza kupoteza baadhi ya meno na bado akala vizuri, mradi yaliyobaki yawe yale yenye kazi na yenye wenzao. Kwa hiyo mtu asing'oe jino kwa hasira ya usiku mmoja, wala asilihifadhi kwa woga. Na aulize kwanza lina kazi gani na lina madhara gani.

Magego yangu mawili ya kushoto sikuyaulizia nilipokuwa kijana, nami nayakumbuka kila niketipo kula. Hili la tatu nililiuliza, nalo limeondoka kwa haki. Juma lijalo, tukijaliwa, tutarudi ghalani kutazama habari za fukusi.