Nyaya Nne za Kebo ya Simu

Simu ya mkononi siku hizi si chombo cha kuzungumzia tu. Ni mkoba wa fedha na kabati la barua za mwenyewe. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, wananchi wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kuweka akiba zao humo. Kwa hiyo namna ya kuchaji simu hadharani si jambo la kuachiwa uvumi. Maoni yangu ni kwamba mahali pake hasa ni katika somo la Fizikia.

Tuitazame kebo yenyewe. Kebo ya kawaida ya USB, yenye kichwa bapa, ina nyaya nne. Mbili, aghalabu nyekundu na nyeusi, huchukua umeme wa volti 5. Mbili nyingine, aghalabu ya kijani na nyeupe, huchukua habari. Basi mlango uingizao umeme ndio huo huo upitishao habari. Mtu achomekaye kebo katika tundu la USB la stesheni au la basi hawezi kujua kama nyuma yake kuna chaja tu au kuna kompyuta.

Hatari hiyo ilionyeshwa mwezi Agosti 2011 huko Las Vegas, Marekani, katika mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta uitwao DEF CON. Kibanda cha kuchajia kiliwekwa hapo makusudi ili kuwaonya waliochomeka simu zao. Baadaye watengenezaji waliweka kinga: simu iunganishwapo na kompyuta humwuliza mwenyewe kama anakubali kutoa habari. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, walionyesha kwamba chaja ya hila yaweza kujijibia swali hilo badala ya mwenye simu.

Hata hivyo tusitie chumvi. Hayo yalikuwa majaribio ya wataalamu. Haijathibitika kwamba wizi wa namna hiyo umeenea. Kwetu sisi ziko hatari mbili zilizo karibu zaidi. Ya kwanza ni kuacha simu kibandani kutwa nzima, kama wafanyavyo wasio na umeme nyumbani. Wenye vibanda wengi ni waaminifu, lakini simu hupita mikono mingi, na laini iliyochomolewa ikatiwa katika simu nyingine yaweza kupokea ujumbe wa mwenyewe. Ya pili ni chaja hafifu. Umeme wa ukutani una volti 230 hadi 240, nao hutengwa na mkono wa mtumiaji kwa transfoma ndogo na vihami. Mwenye kuunda chaja ya bei ya kutupa mara nyingi hupunguza gharama papo hapo.

Kinga zake ni nyepesi. Chukua chaja yako mwenyewe na uichomeke katika soketi ya ukutani, kwani soketi hiyo hutoa umeme tu. Pasipokuwa na soketi, tumia kebo ya kuchajia tu, isiyo na nyaya za habari. Ukilazimika kuiacha simu, izime na uondoke na laini yako. Tena weka namba ya siri ya laini, iliyo tofauti na ile ya fedha. Chaja ikipata joto kali au kutoa harufu ya kuungua, iache.

Watasema wengine kwamba wanafunzi katika shule nyingi hawaruhusiwi kuwa na simu, basi somo hili ni la nini? Lakini somo halihitaji simu. Lahitaji kebo mbovu isiyounganishwa na umeme, wembe, betri ya tochi na balbu ndogo. Wanafunzi waichune kebo, wahesabu nyaya, kisha wapime kila waya unafika wapi. Wakiichuna na kebo ya kuchajia tu, wataona tofauti kwa macho yao. Mwanafunzi huyo akirudi nyumbani ataweza kumweleza mama yake sababu ya kuichomoa laini kabla ya kuipeleka simu kibandani, naye mama ataelewa. Agizo lisilo na sababu husahauliwa upesi, bali lililoeleweka hudumu.