Mwoga Anaweza Kuruka

Kuanzia Kayanga, Karagwe, hadi Nkwenda, Kyerwa, ukitaja kuruka na parachuti utajibiwa mawili: hiyo ni kazi ya makomandoo wa JWTZ, au ni mchezo wa watu waliochoka kuishi. Majibu yote mawili yanadhani anayeruka hana hofu. Dhana hiyo naipinga, kwa sababu inawafungia mlango wale hasa wanaofaa kufundishwa.

Hofu ya anga hapa Kagera ina chanzo. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, na watu 19 kati ya 43 wakafariki. Sitamwambia mtu asiogope. Lakini mwanafunzi wa parachuti haombwi ujasiri. Anaombwa utii na subira.

Siku ya kwanza hushinda chini akijifunza. Hulala kifudifudi, akasukuma nyonga mbele na kupinda mgongo, mkao ule ule atakaoushika hewani. Kisha huning'inizwa kwenye mikanda na kuambiwa kwamba parachuti yake kuu imejisokota. Atazame mpini mwekundu wa kulia, aushike, auvute, aiachie parachuti mbovu. Halafu mpini wa kushoto, ifunguke ya akiba. Hurudia hadi mikono ifanye yenyewe. Kwa njia iliyozoeleka, atatoka ndegeni kwenye mita 4,000 hivi, walimu wawili wakimshika, na atafungua akiwa bado na mita zipatazo 1,700. Akizubaa, kuna kifaa kinachoifungua ile ya akiba chenyewe.

Na hatari yenyewe? Marekani, mwaka 2023, walikufa watu 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Tena sehemu kubwa ya vifo vya mchezo huu huwapata wazoefu, parachuti ikiwa imefunguka vizuri kabisa, wanapokata kona kali karibu na ardhi. Kinachowaua ni kujiamini kupita kiasi.

Sasa linganisha na pikipiki zetu kule Omurushaka, Karagwe. Kijana anafundishwa pikipiki na rafiki yake jioni moja, na muda si mrefu anateremka mlima na abiria wawili na mkungu wa ndizi, kichwa wazi. Huyo tunamsifu kuwa mpambanaji. Anayekaa darasani kutwa kabla ya kugusa hewa, tunamwita kichaa!

Milima yetu ingemdai mwanafunzi umakini zaidi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Karagwe na Kyerwa ziko juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, parachuti hutua kwa kasi zaidi kuliko kule Diani, pwani ya Kenya, ambako kuna kituo cha mchezo huu. Upepo nao una mpaka: kanuni za chama cha waruka parachuti cha Marekani zinamzuia mwanafunzi kuruka upepo ukizidi kilomita 22 hivi kwa saa. Na akifika mlangoni mwa ndege moyo ukakataa, hurudi kuketi, akatua nayo.