Stesheni Iliyo Karibu Si Lazima Iwe Bora

Watu wengi hudhani kwamba mwenye motokaa atakaye kupanda garimoshi kwenda kazini huiendea stesheni iliyo karibu na nyumba yake. Mimi nasema sivyo. Mtu mwenye busara huiendea stesheni anayoweza kuitumainia.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Kenya. Stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ilijengwa pamoja na uwanja wa kuegesha motokaa, ili watu waziache pale na kuingia Nairobi kwa reli. Anayetoka upande wa Athi River kwa barabara ya Mombasa huifikia Syokimau kwanza, na mbele yake ipo Imara Daima. Asubuhi hajui kama atapata nafasi Syokimau. Wala akiipita, hajui kama msongamano wa barabarani utamruhusu kulidiriki garimoshi huko mbele. Na likimwacha, jingine haliji upesi kama matatu.

Na tufanye hesabu. Tuseme stesheni ya kwanza ni mwendo wa dakika 10, lakini siku 2 katika kila siku 5 uwanja umejaa, na mtu hupoteza dakika 20 zaidi. Ya pili ni mwendo wa dakika 16, na nafasi haikosekani. Kwa wastani, ya kwanza humgharimu dakika 18, na ya pili 16. Tena anayetakiwa kazini saa mbili kamili haulizi wastani. Huiogopa siku ile mbaya, kwani ndiyo iwezayo kumpotezea kazi.

Wengine watasema dawa ni kupanua viwanja. Lakini uwanja mkubwa nao hujaa. Maoni yangu ni kwamba kwanza wakuu wa reli wawatangazie watu kila asubuhi, kwa simu zao za mkononi, nafasi zilizobaki katika kila stesheni, na garimoshi lishike saa yake. La sivyo, wenye motokaa wataendelea nazo hadi mjini, na msongamano utatupata sote, hata sisi wanafunzi tuliomo ndani ya basi.

Wazee husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nafasi isiyo na hakika ni fimbo ya mbali, hata kama stesheni yenyewe iko mlangoni.