Lugha ndugu zisitenganishwe na mipaka

Katika kisiwa cha Lanyu, Taiwan, Wayami huita mashua yao ndogo tatala. Kusini, ng'ambo ya bahari, Waivatan wa jimbo la Batanes, Ufilipino, huiita tataya. Na nyumba, pande zote mbili, ni vahay. Hizo ni lugha za Kibatani, kikundi kidogo cha ukoo wa Kiaustronesia. Mpaka wa nchi umepita kati yao, na leo mtoto wa Lanyu husomeshwa kwa Kichina, mwenzake wa Batanes kwa Kifilipino na Kiingereza.

Sisi Wakongomani jambo hili si geni kwetu. Kinande cha Beni na Butembo ni ndugu wa Lukonzo wa Uganda. Lakini tukizipanga lugha kwa nchi, kila moja huonekana ndogo na pweke.

Sisemi ziunganishwe; kila lugha ina jina lake na wenyewe. Ila kamusi iliyoandikwa upande mmoja yafaa imsaidie mtafiti wa upande wa pili. Kwa hiyo naomba kitivo chetu kitake hivi: anayeandika kazi ya kumaliza masomo juu ya Kinande asome kwanza yaliyoandikwa juu ya Lukonzo.