Je, Tunguli Ivuliwe Shanga?

Muhula huu shule yetu inatayarisha maonyesho ya vitu vya jadi, na wengi wetu tumeombwa kuleta vitu kutoka kwetu, Handeni na Korogwe. Ni kazi njema. Lakini nasikia baadhi ya wenzetu katika kamati wasema vitu vyenye dalili ya ugeni visipokelewe, na kwamba tunguli moja iliyoletwa ivuliwe shanga na vitambaa ili ibaki ya asili tupu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Hebu tuitazame tunguli yenyewe. Kibuyu ni cha shamba la hapa hapa Uzigua. Kizibo chake ni cha mti, kimechongwa kichwa cha mtu, kazi ya fundi wa kwetu. Hapo hapana ubishi. Lakini shanga? Katika karne ya 19 shanga nyingi za kioo zilizouzwa katika pwani yetu zilitengenezwa Venice, Italia. Simbi ni za Bahari ya Hindi, na Handeni hakuna bahari. Kaniki ilikuja kwa majahazi kutoka India, na merikani hata jina lake lasema ilikofumwa. Vilipanda bara kutoka Pangani vichwani mwa wapagazi, miaka mingi kabla ya reli kufika Korogwe mwaka 1902. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zilikuwa na maana katika matambiko. Mzee aliyezipata katika unga, masizi na udongo akazipata pia katika nguo na shanga. Kitu kilikuwa kigeni, maana ilikuwa yetu.

Wala si sisi tu. Misri ilipotawaliwa na Warumi, watu waliendelea kuhifadhi maiti kwa desturi ya mababu zao, lakini baadhi yao waliwekewa usoni picha ya rangi iliyochorwa kwa mtindo wa Kiyunani na Kirumi. Nani leo atathubutu kuzibandua picha zile ati ili maiti awe Mmisri zaidi? Hata hapa kwetu wako waganga waandikao kombe kwa zafarani, na tunguli iko pembeni.

Kama twatafuta kilichopotea, tuvitazame vinyago vya udongo vya jando na unyago. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alivikusanya, vikiwemo vya Wazigua na Wasambaa, na kitabu chake kikatoka London mwaka 1956. Kinyago kilikwenda na wimbo wake na fundisho lake. Siku hizi ni rahisi kuviona kitabuni kuliko kijijini. Shanga za Venice hazikuviua. Kwa maoni yangu viliuawa na haya: tulifundishwa kuviita ushenzi, nasi tukaitikia. (Na wale wa mbali wanaocheka kila wakisikia jina la Handeni bado wanatusaidia kuona haya.)

Naiomba kamati iiache tunguli kama ilivyo, na kando yake iwekwe kadi inayotaja kila kitu na kilikotoka. Mwenye bibi au babu ajuaye majina ya shanga hizo kwa Kizigua amwulize kabla ya siku ya wazazi. Kadi nitaziandika mimi.