Hisa: kabla ya kutoa pesa, uliza ni bei gani imechorwa

Mkaaji wa Hombo, kwenye barabara ya Bukavu–Walikale, anajua hesabu ya mbuzi. Akimnunua kwa dola 60, akauza watoto wake wawili kwa dola 20 kila mmoja, na mama bado ana bei ya dola 60, hawezi kusema hakupata kitu. Anayehesabu mama peke yake amesahau dola 40.

Hesabu hiyo ndiyo hupotea kwenye michoro ya bei za hisa inayoonyeshwa kwenye simu.

Kongo haina soko lake la hisa, lakini jambo hili si la mbali. Benki ya EquityBCDC, inayojulikana vizuri Bukavu, iko chini ya Equity Group ya Kenya, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la Nairobi. Kwa mwaka 2023 kampuni hiyo ilitoa gawio, yaani sehemu ya faida, la shilingi 4 za Kenya kwa kila hisa.

Chukua mfano hisa ni shilingi 40 siku ya mwisho ya kununua pamoja na haki ya gawio la 4. Kesho yake, kama hakuna lingine lililobadilika, itashuka hadi karibu 36, kwa sababu mnunuzi mpya hatapata zile 4. Mchoro wa bei halisi utaonyesha hasara ambayo mwenye hisa hakuipata. Mchoro wa bei iliyorekebishwa hufuta anguko hilo kwa kupunguza bei zote za nyuma kwa asilimia 10: 40 inaandikwa 36, na 30 ya zamani inaandikwa 27.

Mtego uko hapo. Hakuna aliyewahi kununua kwa 27. Mwenye kutafuta wateja ataonyesha mchoro huo na kusema bei imepanda sana, bila kutaja kwamba magawio yamo ndani, tena kwa kawaida bila kuondoa kodi.

Bei halisi inaonyesha watu walilipa nini. Iliyorekebishwa inaonyesha pesa ilizaa nini. Zote mbili zinahitajika. Kwa hiyo, kabla makuta ya likelemba hayajatoka, swali liwe moja: mchoro huu umehesabu gawio? Asiyeweza kujibu asipewe pesa. Nayo mabenki yanayotafuta wateja Kivu yana deni la kueleza tofauti hiyo kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu.