TAARIFA YA TAWI: KISIMA HAKIJIBU TUHUMA



Vijiweni tunasikia: "Fulani ana kashfa, lakini katusaidia." Tulipime neno hili kabla ya kura za maoni.

Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mahabusu waliofia mikononi mwa polisi Mwanza na Shinyanga, kwa jirani zetu. Hakuwapiga yeye, aliwajibika. Mwaka 1985 akawa Rais. Wananchi hawakumtupa.

Julai 2011, hapahapa mkoani Tabora, Ndugu Rostam Aziz aliachia ubunge wa Igunga wakati wa "kujivua gamba". Tuhuma alizikana, na mahakama haikumtia hatiani. Ila sisi tulibishana juu ya misaada kuliko juu ya majibu.

Tusimhukumu mtu kwa uvumi, wala tusimsafishe kwa kisima na mabati. Kila mtia nia aulizwe hadharani: ulituhumiwa nini, ulijibu nini, uliwajibika vipi? Anayekasirikia swali ametujibu.

Cheo ni dhamana.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

Katibu wa Siasa na Uenezi, Tawi